Nyundo ya Bunduki ya Kale: Tafuta Ubovu Kabla ya Kushika Tupa

Wasomaji wengi wamepata kuiona, ama katika jumba la makumbusho, ama katika picha za misafara ya zamani, bunduki ndefu yenye nyundo ya chuma ubavuni, iliyopinda kama shingo ya bata. Mwenye bunduki huivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, huvuta kifyatulio kwa kidole cha shahada, nayo nyundo huanguka na kuwasha baruti. Bunduki hizo hupiga risasi moja tu, kisha hapana budi kuitia nyingine kwa mkono. Zamani zilikuwa silaha za majeshi. Leo ni vitu vya kale, vinavyotunzwa na makumbusho na wakusanyaji wenye vibali, na mara moja moja hugunduliwa darini au ndani ya sanduku la marehemu.

Lakini chuma hakizeeki kama karatasi. Mtambo wa bunduki uliofanywa miaka 150 iliyopita waweza bado kuuma. Na ubovu unaoonekana mara nyingi katika bunduki hizo ni ule wa nyundo: nyundo haikai nyuma ikivutwa, au huanguka yenyewe, au huanguka kwa uvivu, au husimama katikati ya safari. Katika makala haya nataka kueleza jinsi ubovu huo unavyotafutwa. Neno kuu ni hili: nyundo inapokosa, mara nyingi kosa haliko katika nyundo. Mtu akimbiliaye tupa kabla ya kujua kosa liko wapi huharibu kitu kisichopatikana tena kwa urahisi, na zaidi ya hayo huweza kuigeuza bunduki iliyokuwa mbovu tu kuwa bunduki ya kuua aliyeishika au aliyesimama karibu naye.

BUNDUKI YA SNIDER NA HABARI ZAKE

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, na tuchukue bunduki moja iwe mfano, nayo ni ile iitwayo Snider. Katika mwaka 1853 jeshi la Uingereza lilianza kutumia bunduki ya Enfield, iliyotiwa baruti na risasi kwa mdomoni na kushindiliwa kwa mdeki, kama gobori. Askari aliyezoea aliweza kuipiga mara mbili au tatu kwa dakika moja. Vita vya miaka ile vilionyesha kwamba bunduki ya kutiwa risasi kwa nyuma ni bora, bali Waingereza walikuwa na Enfield nyingi mno, wala hawakupenda kuzitupa. Basi mwaka 1866 wakakubali shauri la Mmarekani mmoja, Jacob Snider, la kukata sehemu ya nyuma ya mtutu wa bunduki ya Enfield na kutia kifuniko chenye bawaba kifungukacho upande wa kuume. Kwa njia hiyo askari aliweza kupiga hata mara kumi kwa dakika. Tundu la mtutu ni inchi 0.577, yaani karibu milimita 15. Snider mwenyewe alikufa mwaka huo huo wa 1866.

Mwaka 1868 jeshi la Uingereza lilikwenda nazo Uhabeshi kupigana na Mfalme Tewodros, vita vilivyokwisha Magdala mwezi wa Aprili. Tangu 1871 Waingereza walianza kuzibadili kwa bunduki za Martini-Henry, nazo Snider zikaenda kwa majeshi mengine. Jeshi la Sultani wa Unguja, lililoanzishwa na Lloyd Mathews mwaka 1877, lilizishika. Kadhalika Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati yake mwaka 1888, iliwapa watu wake bunduki hizo. Msafara wa Lugard uliofika Mengo Desemba 1890 ulikuwa nazo. Mwaka ule ule wa 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kuzuia bunduki kama hizi zisiingizwe ovyo Afrika. Kwa hiyo Snider si mgeni kabisa katika habari za nchi zetu.

Nimeichagua kwa sababu nyingine pia. Snider ilibakiza mtambo ule ule wa ubavuni wa bunduki ya Enfield ya 1853. Anayeujua mtambo huo ameijua jamii kubwa ya bunduki za fataki za zamani. Bunduki ya Martini-Henry haimo katika jamii hiyo, maana haina nyundo ya nje. Mtambo wake umefichwa ndani na una mambo yake mbali.

KWANZA SHERIA, PILI USALAMA

Kabla ya kugusa parafujo hata moja, kuna mambo mawili yasiyorukwa.

La kwanza ni sheria. Yule anayesoma vitabu vya ng'ambo ataona kwamba Marekani, kwa sheria ya 1968, bunduki iliyofanywa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa kitu cha kale, na kwamba Uingereza nayo ina kanuni zake za bunduki za kale zinazowekwa kama pambo. Asidhani kwamba maneno hayo yamevuka bahari pamoja na kitabu. Kenya ina sheria yake ya silaha, nayo yataka cheti. Aliyeikuta bunduki katika mali ya urithi asijihukumie mwenyewe kwamba ni chuma kikuukuu tu. Na aende kwa polisi akatoe habari, bila kuibeba njiani, apate kuambiwa la kufanya. Kadhalika kazi ya kutengeneza silaha ni ya fundi aliyeandikishwa. Haya tunayoyaeleza ni kwa ajili ya mwenye kibali, na mtunzaji wa makumbusho, na yeyote apendaye kujua, ili ampelekeapo fundi kazi yake ajue kumweleza vema na kujua kama amehudumiwa vema.

La pili ni usalama. Bunduki ya kale huhesabiwa kuwa ina risasi mpaka macho na kidole vishuhudie kwamba haina. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haipotezi nguvu upesi. Bunduki za kutiwa risasi mdomoni zimepata kuonekana zingali na shindilio la watu waliokwisha kufa zamani. Kwa Snider, vuta nyundo mpaka kituo cha kwanza, fungua kifuniko upande wa kuume, tazama ndani, kisha tia kidole kidogo upapase chumba cha risasi. Kama nyundo imeshikwa na kutu hata haivutiki, usiilazimishe. Chukua ufito mnyofu, uutie polepole kwa mdomoni huku wewe mwenyewe umesimama kando, mpaka usimame. Tia alama penye mdomo, utoe ufito, uulaze nje ya mtutu. Ukifika mahali kifuniko kinapoanzia, mtutu ni mtupu. Ukipungua, kuna kitu ndani, na kazi yako imekwisha hapo. Ni ya fundi.

MTAMBO ULIVYO

Neno mtambo kwa Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya mtego pia, na kwa kweli bunduki hii ni mtego hasa. Kila mtoto wa shamba amepata kutega ndege. Hukunja ufito mbichi, ambao wataka kunyoka. Huuzuia kwa kijiti kidogo. Ndege akigusa kijiti, ufito hufyatuka. Vitu vitatu tu: kinachosukuma, kinachozuia, na kinachogusa.

Katika bunduki kinachosukuma ni kamani kubwa, yaani springi iliyokunjwa mfano wa herufi V. Kamani hiyo haisukumi nyundo moja kwa moja. Husukuma kijigurudumu kilicho ndani ya bamba la ubavuni, ambacho ekseli yake hutokea nje ya bamba ikiwa na ncha ya mraba. Nyundo imevikwa juu ya mraba huo na kukazwa kwa parafujo. Basi nyundo ni mkono tu. Bega liko ndani.

Kinachozuia ni kipande kidogo chenye pua, tukiite kizuio. Kamani ndogo hukisukuma ili pua yake iguse ukingo wa kijigurudumu daima. Katika ukingo huo mna mapengo mawili. Pengo la kwanza ni refu na limefunikwa juu, hata pua ikiingia haiwezi kutolewa kwa kuvuta kifyatulio. Hicho ndicho kituo cha salama. Pengo la pili ni fupi; pua ikikaa hapo, bunduki iko tayari.

Kinachogusa ni kifyatulio. Nacho hakimo katika bamba. Kimefungwa peke yake chini, katika mti. Ukikivuta, huinua mkia wa kizuio, pua hutoka penye pengo, na nyundo huanguka. Katika Snider nyundo hupiga kichwa cha msumari uliopita mshazari ndani ya kifuniko, na msumari ndio upigao fataki iliyo katikati ya kitako cha risasi.

Mtu wa baisikeli atafahamu upesi. Ndani ya gurudumu la nyuma mna vidole vidogo vinavyokamata meno, ndiyo maana baisikeli huenda mbele ukikanyaga na kuteleza ukiacha. Vidole vikichakaa au vikigandwa na mafuta machafu, miguu yako huzunguka bure. Hapo huwezi kulaumu kanyagio.

KUSIKILIZA NA KUPIMA

Kipimo cha kwanza hakitaki bisibisi. Bunduki ikiwa tupu, mdomo wake umeelekezwa mahali pasipo mtu, weka kipande cha ngozi nene mbele ya nyundo ili isipige chuma. Kisha vuta nyundo nyuma polepole, na kusikiliza. Mtambo mzima husema mara mbili: ka, kisha ka. Mlio wa kwanza ni pua ya kizuio ikiingia pengo la kwanza, wa pili ni pengo la pili. Milio yote miwili iwe mikavu na dhahiri.

Sasa pima mambo matatu, na kidole gumba kisibanduke juu ya nyundo wakati wote.

Moja, iache nyundo katika kituo cha kwanza, uvute kifyatulio kwa nguvu ya kadiri. Nyundo isisogee. Ikianguka, hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kwa maana kituo cha salama kimekuwa jina tu.

Mbili, ipeleke mpaka kituo cha pili, kisha isukume mbele kidogo kwa kidole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikishuka, pua haishiki vema.

Tatu, ikiwa katika kituo cha pili, vuta kifyatulio na uishushe nyundo kwa kidole gumba, ukisikiliza kama inakwaruza mahali. Irudie mara kadha. Usiiache ianguke kwa nguvu yake yote katika bunduki tupu, maana msumari na kichwa chake huumia.

Karani mwema huandika aliyoyaona kabla ya kutoa shauri. Andika majibu ya vipimo vitatu, pamoja na tarehe. Utayahitaji.

MTAMBO NJE YA MTI

Kipimo cha pili ndicho kinachotenga kosa la chuma na kosa la mti, na wengi hukiruka kwa haraka zao.

Ipeleke nyundo kituo cha kwanza. Upande wa kushoto wa bunduki utaona parafujo mbili ndefu zinazopita katika mti na kulishika bamba. Chagua bisibisi inayojaa sawasawa katika mfuo wa parafujo. Bisibisi nyembamba hula kichwa cha parafujo, na kichwa kilicholiwa ni ushahidi wa fundi mbaya hata milele. Zikiwa na kutu, tia tone la mafuta ya taa, ungoje hata kesho. Zilegeze zote mbili mizunguko michache, kisha gonga vichwa vyake kidogo kidogo kwa kipande cha mti, kimoja baada ya chenzake, ili bamba litoke sawasawa bila kuvunja kingo za mti. Ndipo uzitoe kabisa.

Shika bamba mkononi, urudie vipimo vitatu. Badala ya kuvuta kifyatulio, inua mkia wa kizuio kwa kidole. Lakini angalia sana: nje ya mti nyundo haina cha kuizuia mbele. Ukiiacha ianguke huru, kijigurudumu hujigonga ndani na huenda kikapasuka. Ishushe kwa kidole gumba kila mara.

Basi hukumu ni hii. Ikiwa mtambo uliokuwa ukikosa ndani ya mti wafanya kazi vema nje yake, chuma hakina kosa. Kosa liko katika mti, au katika kifyatulio, au katika jinsi vilivyokazwa. Ikiwa wakosa nje kama ndani, ndipo tutazame chuma.

MAKOSA YA MTI NA KUKAZA

Mti wa bunduki hizi ni mti wa jozi, nao, kama mbao zote, huvimba penye unyevu na kusinyaa penye ukavu. Bunduki iliyokaa pwani miaka mingi kisha ikapelekwa bara hubadilika.

Nyundo ikianguka kwa uvivu, legeza zile parafujo mbili za ubavuni nusu mzunguko tu. Ikiwa nyundo yapata wepesi mara moja, bamba lilikuwa limevutwa ndani mno hata sehemu zake zikagusa mti. Ili kujua mahali penyewe, paka masizi ya taa juu ya sehemu za ndani za mtambo, rudisha bamba mahali pake, sogeza nyundo mara mbili tatu, kisha toa tena. Penye weusi juu ya mti ndipo panapogusa. Fundi atapakwangua hapo kidogo sana, unene wa karatasi, na kujaribu tena.

Nyundo ikikataa kukaa kituo cha pili ndani ya mti, bali nje ikakaa, tazama kifyatulio. Kifyatulio chema huwa na nafasi ndogo ya kuchezacheza kabla ya kugusa mkia wa kizuio. Kikiwa hakina nafasi hata kidogo, maana yake kinausukuma mkia juu wakati wote, na pua haipati kuzama katika pengo. Huenda parafujo ya bamba la chini imekazwa mno, au mti umesinyaa na kukileta kifyatulio juu. Tiba ni kulegeza parafujo hiyo kidogo na kupima tena, wala si kukata kitu.

MAKOSA YA CHUMA

Hapa pia tuanze na dogo. Uchafu ndio mkosaji wa kwanza. Mafuta ya kale huganda yakawa kama ulimbo. Pua ya kizuio haishuki, kamani ndogo haina nguvu ya kuisukuma, na nyundo hupitiliza. Osha mtambo wote kwa mafuta ya taa na burashi laini, ukaushe kwa kitambaa, utie tone moja la mafuta mepesi ya mashine penye kila kinachozunguka. Usitie mafuta ya nazi, wala samli, wala mafuta ya kupikia. Hayo ndiyo yanayoganda. Mitambo mingi iliyodhaniwa kuwa imekufa hufufuka kwa kuoshwa tu.

Baada ya kuosha, soma dalili.

Nyundo ikicheza ovyo kushoto na kulia, kaza parafujo yake. Ikiendelea kucheza, mraba wa ekseli au tundu la nyundo limekula. Nyundo ya namna hiyo haipigi kichwa cha msumari katikati, bali ukingoni.

Nyundo ikiinuka kwa wepesi mno katika kidole gumba na kuanguka bila nguvu, kamani kubwa imechoka au imepasuka. Itazame penye mkunjo wake kwa mwanga mzuri. Ufa huanzia hapo.

Mkia wa kizuio ukilegea bila kurudi, kamani ndogo imevunjika.

Milio ikisikika, kamani ikiwa na nguvu, lakini nyundo haikai kituo cha pili, basi pua ya kizuio au ukingo wa pengo umeliwa. Na kituo cha kwanza kikishindwa, tazama mdomo wa pengo la kwanza. Mara nyingi utakuta umemeguka. Huko kumeguka kwa kawaida kuna chanzo. Mtu aliipunguza nguvu ya kifyatulio kwa kukata pengo la pili liwe fupi, hata pua ikawa yaanguka na kujigonga juu ya pengo la kwanza wakati nyundo inaposhuka. Bunduki ya namna hii husimama katikati ya safari, na kila ikisimama hujivunja zaidi.

Mwisho, ikiwa nyundo ni nzima kabisa na bado fataki haikuwa ikiwaka, nyundo ilikuwa ikilaumiwa kwa kosa la jirani. Msumari ulio katika kifuniko huenda umeshikwa na kutu, au kichwa chake kimebondeka.

TUPA NI ADUI

Sasa tumefika mahali ambapo mkono wa mtu huwashwa. Pengo limeliwa, si lichongwe tu liwe jipya? Mkulima hunoa jembe lake kwa tupa na halimdhuru. Lakini jembe ni kitu kimoja, na pengo la mtambo ni kingine.

Sehemu hizi hazikuachwa laini kama zilivyotoka kwa mhunzi. Zilitiwa ugumu kwa moto, na mara nyingi ugumu huo ni ngozi nyembamba juu ya chuma laini, kama ukoko juu ya ugali. Tupa ikiuondoa ukoko, pua hukutana na ulaini, na baada ya kuvutwa mara chache hujichimbia njia. Bunduki itakaa vema leo mezani, na mwezi ujao itaanguka yenyewe. Tena pembe ya pengo ndiyo inayoshika. Ukiikosa kwa unene wa unywele, nyundo itategemea bahati. Ndiyo maana fundi ajuaye kazi hubadilisha kipande, au hujaza chuma kipya na kukitia ugumu upya. Hachongi akaacha.

Kamani kubwa nayo isiondolewe kwa koleo wala kwa bisibisi. Kina kibano chake maalumu kinachoibana kabla haijatoka. Kamani inayoruka kutoka mkononi huweza kutoboa jicho, na ikianguka sakafuni huweza kukatika vipande viwili.

KUTAFUTA KIPANDE KINGINE

Ikiwa kipande cha kubadilisha kinatakiwa, soma maandishi yaliyo juu ya bamba kabla ya kuagiza. Bunduki zilizofanywa katika kiwanda cha serikali huko Enfield, kilichopata mashine za Kimarekani katika miaka ya 1850, zilifanywa kwa kipimo kimoja, hata kipande cha moja chaweza kuingia katika nyingine. Bamba lake huwa na taji, neno Enfield, na mwaka. Lakini bamba lenye neno Tower kwa kawaida ni la mafundi wa Birmingham au London waliofanya kazi kwa mikono yao. Vipande vyake ni ndugu, si mapacha, navyo hutaka kulinganishwa. Kadhalika ziko Snider zilizofanywa kwa mkono Nepal. Nyingi katika hizo zilienea duniani baada ya ghala la zamani la Kathmandu kuuzwa mwaka 2003. Kwa hizo, usiagize nyundo wala kijigurudumu kwa jina tu, peleka vipimo.

Kipande kibovu kilichotolewa kisitupwe. Kifungwe katika bahasha, kiandikwe kilitoka wapi na lini, kikae pamoja na bunduki. Kitu cha kale ni kama jalada la ofisi: ukiondoa barua moja bila kuandika, atakayekuja nyuma atasoma habari yenye tundu. Na alama ndogo zilizochorwa ndani ya bamba, kama namba au mistari ya fundi wa kwanza, zisifutwe kwa msasa. Kutu nyekundu iliayo iondolewe kwa mafuta na kitambaa. Ule weusi wa uzee uachwe, maana ndio nguo ya chuma.

NENO LA MWISHO

Huenda msomaji akauliza: faida gani kuhangaika na nyundo ya bunduki isiyopigwa tena? Jibu ni kwamba kitu kikihifadhiwa watu hukishika. Watoto wa shule watakishika, mgeni atakivuta, mwana atakitoa kabatini amwonyeshe rafiki. Hapana awezaye kuahidi kwamba hakuna mtu atakayetia kitu ndani yake siku moja. Kituo cha salama cha bunduki hiyo kiwe cha salama kweli. Na kama hakiwezi kufanywa hivyo, na ifungwe kibandiko kinachosema wazi kwamba mtambo haushiki, tena iwekwe penye kufuli.

Na asiyekuwa fundi asijaribu kuipiga, hata nyundo ikiwa imetengenezeka. Chuma hicho kilifanywa kwa baruti nyeusi, nayo baruti ya siku hizi ina nguvu isiyostahimilika ndani yake.

Basi taratibu yenyewe ni hii: hakikisha ni tupu, sikiliza, pima ndani ya mti, pima nje ya mti, osha, pima tena, andika, ndipo umwite fundi. Tupa haimo katika orodha hiyo. Wazee walisema mwenda pole hajikwai, nasi twaweza kuongeza kwamba atengenezaye pole hubakiwa na vidole vyake vyote kumi.